Kuhamia Mbeya na familia: anza na watu na kalenda, vitu vitakuja

Tangu tuhamie huku Mbeya nimekua napata meseji za watu waliopangiwa kazi huku, au waume zao wamepata uhamisho, na karibu wote swali la kwanza ni lile lile, "dada, kusafirisha vitu toka Dar ni shilingi ngapi?" Nawajibu, ila kila nikijibu naona bado sijawasaidia, maana kwenye kuhama kote lori ndo jambo jepesi. Lori utalipata tu. Kitakachokusumbua mwaka mzima ni mtoto aliyehamishwa mwaka wa mtihani, nyumba uliyoiona kiangazi ukailipia mwaka mzima kisha mvua ikaja, mchezo wa wamama uliouacha katikati, na mama mkwe ambae hamna hata mmoja aliyemuuliza kama hii baridi ataiweza. Kwaiyo leo naandika kwa kirefu kidogo, anaekuja aje amejipanga.

Kwetu baba watoto ndo alipata barua, na ilikuja katikati ya mwaka, mkubwa wetu yuko darasa la saba. Mtihani wa taifa wa la saba unafanyika mwezi wa tisa na mtoto anakua ameshasajiliwa na shule yake mapema, sasa umng'oe mwezi wa saba umpeleke wapi? Tukakaa chini tukakubaliana baba atangulie, akaripoti kazini, akapanga chumba kimoja huku, sisi tukabaki Dar mpaka mtoto amalize mtihani wake kwa amani. Watu walituambia mnajigharimu nyumba mbili, na kweli ilikua gharama, lakini mi mpaka leo naona ile ndo hela tuliyoitumia vizuri kuliko zote. Na sio la saba tu, angalia na la nne, kidato cha pili na cha nne, hao mitihani yao ya taifa inaangukia kati ya mwezi wa kumi na wa kumi na moja, na cha sita ni mwezi wa tano. Ukiwa na mtoto kwenye hayo madarasa kalenda yake ndo inapanga safari ya nyumba nzima, wengine mtamfuata.

Alafu kuna kitu wazazi wengi hawakijui mpaka kiwakute. Mtoto akifanya mtihani wa la saba Dar, uchaguzi wa kidato cha kwanza ukitoka atapangiwa shule za huko huko alikofanyia mtihani, hata kama nyie mmeshahama. Kwaiyo msidhani akimaliza la saba mambo ya uhamisho yameisha, yanaanza upya. Sisi tulilijua ilo mapema, tukaanza kuulizia shule huku kabla matokeo hayajatoka, tukajua ipi ina nafasi na wanataka karatasi gani. Mdogo wake alikua la tatu, yeye tulimhamisha ule ule mwaka makusudi, ili la nne aianze akiwa ameshawajua walimu na wenzake. Siku hizi uhamisho wa mwanafunzi unapitia kwenye mfumo wa PReM wa Baraza la Mitihani, mtoto ana namba yake, ihakiki mapema na jina lilivyoandikwa liwe sawasawa na la cheti cha kuzaliwa, herufi moja tu ikipishana utazungushwa.

Kalenda ya pili ni ya hali ya hewa. Dar tumezoea vuli na masika, huku ni msimu mmoja mrefu, mvua inaanza mwezi wa kumi na moja inaenda mpaka wa nne, mwaka mwingine inaingia wa tano, alafu inakauka kabisa. Baridi inakamata mwezi wa sita na wa saba. Mji uko kama mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, usiku wa mwezi wa saba nyuzi zinashuka chini ya 10, sasa wewe umetoka Tabata na shuka moja na feni. Kwaiyo ukichanganya kalenda ya shule na ya mvua kwetu ilibaki mwezi wa kumi peke yake, mtihani umeisha, mvua haijaanza, baridi imeshapungua. Nadhani hata wewe ukikaa na karatasi ukaandika utaona miezi yako ni miwili mitatu tu, iliyobaki inajifuta yenyewe.

Sasa nyumba. Hapa nitakaa kidogo maana hapa ndo watu wanaumia.

Mji wa Mbeya kwa kiasi kikubwa umejipanga kwenye barabara kuu moja, hii hii ya kwenda Zambia. Ukitokea Dar unaingilia Uyole, pale ndo inachepuka ya kwenda Tukuyu na Kyela, unakuja Mama John, Soweto, Mwanjelwa na Kabwe kwenye biashara zote, unaenda hivyo hadi Iyunga kwenye njia ya chuo cha MUST, mbele yake Mbalizi. Mjini kwa zamani, Uhindini na Sisimba na Sokomatola, kumeingia ndani kidogo upande wa mlima Loleza. Malori ya Tunduma na daladala na bajaji wote wako kwenye barabara ile ile, na sa hivi kuna ujenzi wa kuipanua iwe njia nne kutoka Uyole mpaka Ifisi, kwaiyo mtu anaekaa Uyole na kazi iko Iyunga asubuhi yake sio ya kuichukulia poa hata kidogo. Chagua upande wa mji kwanza kwa kuangalia wapi mnaenda kila siku, kazini na shule, ndo utafute nyumba humo. Na kama nyumba iko karibu na barabara kuu uliza wazi kama imeingia kwenye hifadhi ya barabara, angalia na ukutani kama kuna alama ya X ya kubomolewa.

Alafu huku ni milima. Nyumba nyingi nzuri ziko kwenye miteremko, na dalali atakupeleka mwezi wa nane, vumbi kavu, jua zuri, unaiona milima unasema hapa ndo pangu. Baba watoto alipelekwa kwenye nyumba ya hivyo, vyumba vitatu, tiles, geti, kodi ya kawaida kabisa. Mi nilikua nimekuja kumtembelea tukaenda wote. Wakati dalali anaongea na mwenye nyumba mi nikatoka nje nikamkuta bibi mmoja anaanika maharage kwenye turubai, nikamwamkia, tukaongea ya kuongea, alafu nikamuuliza mama, huku mvua ikinyesha inakuaje? Akaninyooshea mkono kwenye njia tuliyoshukia. "Mwanangu, mwezi wa pili bajaji haishuki huku. Mnashukia pale juu kwenye mkaratusi, mnavua viatu." Nikamuuliza na wanafunzi je, akasema wanaenda na ndala, viatu vya shule vinabebwa kwenye mfuko. Dakika tano tu zile za kuongea na yule bibi zilitosha, dalali mwenyewe asingetuambia hata angekaa na sisi wiki nzima. Ukienda kuangalia nyumba usiondoke bila kuongea na jirani, na umuulize maswali ya mvua hata kama jua linawaka. Maji yanatoka siku gani na saa ngapi? Umeme ukikatika mvua za upepo unarudi lini? Maji ya mtaa wa juu yanapita wapi? Ile mifereji iliyochimbika pembeni mwa kuta sio ya bure.

Ndani angalia LUKU, yani mita ya umeme wa kulipia kabla. Kama mita ni ya pamoja na wapangaji wengine jueni mnagawanaje kabla hamjalipa chochote, ugomvi wa umeme umevunja ujirani mwingi. Tangu 2021 kodi ya jengo inakatwa humo humo kwenye LUKU, kwaiyo muulize mwenye nyumba kama mita ina malimbikizo, na ile kodi nani anaibeba, maana kisheria ni ya mwenye jengo, anaenunua umeme ni wewe. Iandikeni kwenye mkataba. Piga na picha ya mita na za kila ukuta wenye ufa siku unakabidhiwa.

Ila ushauri wangu mkubwa kwenye nyumba ni huu, usilipie mwaka kwenye mji usioujua. Wenye nyumba wengi wanataka miezi sita au mwaka, na dalali nae ana kodi yake ya mwezi mmoja, kwaiyo kishawishi ni kulipa ndefu ili umalize. Sisi tuliomba miezi mitatu, tukakataliwa, tukaenda kwingine, tukakataliwa, mwisho tukapata mama mmoja mwenye nyumba ndogo ya vyumba viwili akakubali miezi mitatu kisha tunaongeza kidogo kidogo. Tulibanana, nguo zikakaa kwenye mabegi, kabati moja likakaa kwa mwajiri wa rafiki wa baba watoto. Lakini msimu wa mvua umetukuta tukiwa huru, jumamosi tunatoka na miavuli tunazunguka mitaa tunayoifikiria, tunaona kwa macho yetu wapi kunajaa, wapi bajaji zinafika mpaka mlangoni, wapi bomba linatoka.

Kuhusu watu. Mama mkwe anakaa na sisi, ana presha na miguu inamsumbua, na kwenye vikao vyote vya kuhama nilimwambia baba watoto mama aulizwe yeye kama yeye, asiambiwe tu siku ya kufunga mizigo. Alipoulizwa alisema atakuja, ila anataka ajue hospitali yake iko wapi na kanisa liko wapi. Basi. Mambo mawili tu hayo, tukayafanyia kazi. Tulienda kliniki yake ya Dar tukaomba maelezo ya matibabu kwa maandishi, dawa za mwezi mzima mbele, na huku ipo hospitali ya rufaa ya kanda kwaiyo tuliulizia mapema siku za kliniki ya presha. Wenye watoto wadogo kadi ya kliniki isiingie kwenye lori, ikae kwenye mkoba wako. Dada wa kazi nae ni mtu mwenye kwao, mwambieni mapema, akitaka kuja aje kwa hiari na nauli ya kurudi kwao iwepo, asipotaka apewe haki yake vizuri.

Na wamama wenzangu, vikoba na michezo! Kama umeshapokea zamu yako kwenye mchezo unadaiwa mpaka mzunguko uishe, kuhama hakufuti deni, na jina lako litabaki Dar likisemwa. Mi niliwaita wenzangu nikawaambia nahama, nitatuma kila mwezi kwa simu tarehe ile ile, tukaandika kwenye daftari na katibu akasaini. Kikoba kinachovunjwa mwezi wa kumi na mbili usikiache mwezi wa kumi bila makubaliano, hisa zako ni zako lakini zisemewe mbele ya watu. Pia barua ya utambulisho ya serikali ya mtaa unaotoka ichukue, huku mwenyekiti wa mtaa atakuuliza umetokea wapi na ni vizuri uende mwenyewe kabla hujaitwa. Kama mhusika ni mtumishi stahiki za uhamisho zifuatiliwe kwa maandishi na nakala mbaki nazo, lakini bajeti ya safari ipangeni kama vile hizo hela hazipo.

Haya, vitu. Fuso nyingi zinapeleka viazi na ndizi za huku kwenye masoko ya Dar, za ndizi nyingi zinaishia pale Mabibo, na zikishashusha dereva hataki kurudi mtupu. Ukiongea na gari la namna hiyo bei ni ya maelewano na inakua chini kabisa ya gari ulilokodi la kwako peke yako, sisi ndo tulivyofanya. Sharti ni moja, umjue mtu. Tulimpata dereva kupitia mfanyabiashara wa ndizi anaefahamika na ndugu zetu wa Tukuyu, tukapiga picha leseni na namba za gari, tukaandika orodha ya kila kitu nakala mbili tukasaini wote, nusu ya hela Dar nusu vikishashushwa Mbeya. Bodi lifagiliwe, lile la ndizi linaacha utomvu na hautoki kwenye godoro, kwaiyo tulitandika turubai chini na jingine juu.

Kabla ya kupakia chuja. Feni tuliuza, huku hazina kazi. Mchele usibebe jamani, unakuja kwenye mchele wa Kyela na Mbarali, viazi na maparachichi ndo usiseme. Blanketi na masweta kama unazo Dar beba, ila usinunue nyingi, mitumba ya Mwanjelwa ina masweta mazito kuliko yanayofika Dar. Nilichogoma kuuza ni cherehani yangu, na hiyo niliifunga mwenyewe. Nilitoa sindano na bobini nikaviweka kwenye kopo la blubendi, nikavua mkanda, nikalegeza skrubu za bawaba kichwa kikatoka kwenye meza, nikakizungushia khanga mbili na kukilaza kwenye tranka la bati katikati ya mabaki ya vitenge, tranka nikasafiri nalo kwenye buti la basi. Ile miguu ya chuma ndo ikapanda Fuso. Kinachokuingizia hela kisitoke machoni pako, kama ni kompyuta, kama ni mashine ya saluni, panda nayo.

Mwambie na dereva kuhusu Kitonga. Pale gari linapanda mlima mkali kona kwa kona, mzigo wote unarudi nyuma, kwaiyo makabati na friji vifungwe kwenye ubavu wa bodi kwa kamba na vyombo vya kuvunjika vikae mbele kabisa. Friji isimame wima njia nzima, na ikifika iache itulie masaa kadhaa kabla hujaichomeka.

Watu wasafiri kwa basi na wafike kabla ya vitu, angalau baba awepo. Ni kama kilometa 830, siku nzima imeisha, watoto watafurahia twiga na pundamilia wa Mikumi alafu watalala, pale Ruaha Mbuyuni utanunua vitunguu. Begi la usiku wa kwanza uwe nalo mkononi, blanketi za wote, sufuria moja, jiko, kiberiti, taa ya kuchaji, dawa za mama, sare za shule, vyeti vyote. Usiku wetu wa kwanza Fuso lilikua bado liko Makambako na hatukupata shida yoyote, tulikula chipsi tukalala watano kwenye godoro la baba watoto na blanketi zetu. Na maharage yaloweke toka usiku, huku juu maji yanachemka kabla hayajafika nyuzi 100, kwenye 94 hivi, kwaiyo maharage yanakula gesi nyingi kuliko ulivyozoea, wenyeji wengi utawaona maharage wanayapikia kuni au mkaa.

Mtu mwingine ataniuliza biashara je. Wateja wangu wa Dar niliondoka na vipimo vyao kwenye daftari, wachache bado wananitumia vitambaa kwa basi, lakini huku nilianza upya kwa kushona kidogo kidogo nyumbani, kwanza nikaenda kukaa na mafundi wa Kabwe nikaona nini kinatoka. Sare za shule na vitenge vya misiba na harusi, basi hapo ndo nilipoanzia. Fremu sijachukua mpaka sasa, na sitaki kuchukua mpaka nijue tutakaa upande gani wa mji.

Na ilo linakaribia. Yule mkubwa uhamisho wake ulikamilika, yuko kidato cha kwanza anaenda kwa miguu. Nyumba tumeipata, iko upande wa Ilomba, tumeenda kuiona mara kadhaa mvua ikiwa inanyesha, mara moja usiku, njia ni ya changarawe na bajaji imetufikisha mpaka getini, mama mkwe ameshapima mwenyewe mwendo wa kwenda kanisani na kusema anauweza. Mwenye nyumba amekubali miezi sita na LUKU ya peke yetu. Tunahama mwezi wa tano, mvua zikishakata.